Ikikaa Sawa Niambie

Jumapili ile Marlys Kangas aliamka akaoka mkate wa iliki, kama alivyofanya kila Jumapili ya Desemba tangu mama yao afariki. Mkate ulipopoa aliufunga kwenye kitambaa, akavaa koti na mabuti, akaelekea kwa mdogo wake. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Majirani walikuwa nje na makoleo yao, wakisafisha vijia na kutaniana kuhusu nani ana kitambi kikubwa zaidi mwaka huu. Jua lilikuwa hafifu, lakini lilikuwepo. Ilikuwa siku nzuri. Na ndiyo sababu hadi leo Marlys haziamini siku nzuri.

Mji wenyewe ni mdogo, uko kaskazini mwa Minnesota, kwenye machimbo ya chuma. Huko kila nyumba ina mtu aliyefanya kazi mgodini, au aliyezikwa kwa sababu ya vumbi la mgodi. Baba yao, Urho, alikuwa wa aina zote mbili. Reino, mdogo wake Marlys, alikuwa fundi wa mitambo humo humo hadi walipompunguza kazini. Kiangazi kilichopita mkewe Connie akafariki. Reino akauza nyumba yao, akarudi kuishi katika nyumba ya wazazi, peke yake, na kimya kingi mno kwa mtu aliyezoea kuchekesha watu.

Marlys alimkuta sebuleni amepiga magoti, shati limejaa vumbi, akifuta televisheni ya zamani. Ile ya kabati la mbao, yenye miguu minne kama mbuzi.

"He! Hiyo maiti umeifukua wapi?"

"Ilikuwa chumba cha chini, nyuma ya boila la kupasha nyumba joto, imefunikwa blanketi," Reino alisema akicheka. "Na usiiite maiti, itasikia."

"Reino, hiyo haishiki kitu. Mitambo ya zamani ya matangazo serikali imeizima, mwaka wa tano huu. Na antena uliing'oa mwenyewe ulipoezeka paa."

"Najua."

"Sasa unaifutia nini?"

"Kwani mtu haruhusiwi kuangalia chenga nyumbani kwao? Keti, dada. Leo ni Jumapili ya pili ya Desemba. Umesahau?"

Marlys hakuwa amesahau. Hakuna mtu wa umri wao katika mji ule aliyesahau. Walipokuwa watoto, Jumapili hiyo, giza likianza kuingia, kituo cha televisheni cha mji wa ziwani kilionyesha kipindi chake cha Krismasi. Mara moja tu kwa mwaka. Kiliitwa *Stesheni ya Theluji*. Kilikuwa cha vikaragosi vya mbao: mkuu wa stesheni mwenye macho ya vifungo vya koti, na abiria wake waliokuwa wakingoja treni ya Krismasi iliyochelewa. Ukikosa, umekosa hadi mwaka mwingine. Watoto walioga mapema, wakala machungwa sakafuni na kutupa maganda juu ya jiko ili nyumba inukie, na hakuna aliyethubutu hata kwenda chooni.

Ila kituo kilikuwa mbali na upepo wa kule hauna adabu. Kila mwaka, kipindi kikikaribia, picha ilijaa chenga. Basi Urho alivaa mabuti, akapanda paani kuzungusha antena, na kutoka huko juu akapiga kelele:

"Sasa je?"

"Bado!" watoto walijibu.

"Sasa je?"

"Bado, baba!"

"Ikikaa sawa niambieni, nishuke!"

Kipindi chenyewe kilipotea. Kituo kilifunga milango, na kanda zake, kama ilivyokuwa desturi wakati ule, zilikuwa zimefutwa zamani ili zirekodiwe mambo mengine. Reino alikuwa ameuliza kila mtu aliyewahi kufanya kazi pale. Hakuna aliyekuwa na hata dakika moja.

"Ningetoa kidole changu kukiona tena," alimwambia dada yake, akichomeka plagi. "Kidole kizima. Chagua wewe ni kipi."

"Usiseme hivyo."

"Natania."

Akabonyeza. Kioo kikachelewa, kikapata joto, kikawaka. Chenga tupu, na mvumo wake. Wakaketi kwenye kochi na kahawa na mkate, wakizitazama kama wazee wanaotazama moto. Nje jua lilikuwa limezama, kama kawaida ya Desemba kule, ambako watu hunywa chai ya alasiri gizani. Marlys alianza kuhisi usingizi mtamu wa nyumba yenye joto.

Juu ya paa kitu kikatembea.

Hatua nzito. Mabuti. Zilitoka upande wa bomba la moshi, zikaja hadi juu ya vichwa vyao, zikasimama.

"Sasa je?"

Reino alijibu kabla hajafikiri, kwa furaha, mdomo umejaa mkate: "Bado, baba!"

Kisha akaacha kutafuna.

Wakaangaliana. Marlys alijaribu kuweka kikombe mezani, na kikombe kikakosa meza. Juu, mtu alikohoa. Kikohozi kile kirefu, kikavu, cha vumbi la chuma, kilichowaamsha kila alfajiri ya utoto wao, na ambacho Marlys alikisikia kikinyamaza katika kitanda cha hospitali, mwezi wa Machi, ameshika mkono wa baba yake.

Chuma kikalia, kama mlingoti unaozungushwa.

Kwenye kioo, chenga zikaanza kujipanga.

Ilitokea stesheni. Ikatokea taa yake, benchi, na mkuu wa stesheni akitoka kibandani mwake kwa kuchechemea, kama alivyochechemea siku zote. Na muziki ule wa kinanda. Marlys alihisi kifua chake kikifunguka. Harufu ya maganda ya machungwa ilimjia puani, na hapakuwa na chungwa ndani ya nyumba ile. Kwa kitambo, na hili alilikiri baadaye kwa aibu, alifurahi. Alikuwa na miaka saba. Mama alikuwa jikoni. Hakuna aliyekuwa amekufa.

Machozi yalikuwa yakimtiririka Reino hadi kidevuni.

"Sasa je?" ikauliza sauti.

"Inakuja!" Reino alisema. "Inakuja, baba, kidogo tu!"

"Ikikaa sawa niambieni, nishuke."

Hapo ndipo Marlys alipozinduka. Alisimama, akaenda dirishani, akafuta ukungu wa kioo. Mwanga wa taa ya barabarani ulikuwa ukilimulika paa la kibaraza na nusu ya paa la nyumba. Theluji ilikuwa imelala juu yake laini kabisa, nene kama godoro. Haikuwa na alama hata ya ndege. Hapakuwa na ngazi.

Akarudi, akachomoa plagi.

Picha ikafa. Chumba kikawa giza. Wakabaki wakisikia pumzi zao.

"Sasa je?"

Hakuna aliyejibu. Hatua zikatembea. Zikarudi. Kwa haraka kidogo sasa.

"Sasa je?"

Reino akafungua mdomo. Marlys akauziba kwa kiganja. Kisha, bila kujua alipata wapi wazo hilo, akainua uso na kunong'ona:

"Bado."

Hatua zikasimama. Kukawa kimya. Kimya cha mtu anayesubiri.

Alimburuta mdogo wake hadi nyumbani kwake bila hata kumpa nafasi ya kuvaa glovu. Usiku ule Reino alilala kwenye kochi lake, au alijilaza tu. Asubuhi Marlys alimkuta jikoni ameketi, macho mekundu.

"Ni yeye," Reino alisema. "Umemsikia kwa masikio yako."

"Baba tulimzika, Reino. Wewe ulibeba jeneza."

"Basi ni nani yule?"

"Sijui. Ndiyo maana sitaki ashuke."

"Dada, wewe una wajukuu wanaokuja hapa kukuvunjia vyombo. Mimi jioni nakaa nikisikiliza friji." Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Halafu mtu ananiita kutoka juu, kwa sauti ile, unaniambia nisiitikie?"

"Nakuambia usimfungulie mlango mtu usiyemjua."

Marlys alimfanya aahidi kwamba hataenda kule peke yake. Akaahidi. Mchana kutwa alitulia, akarekebisha hata bomba la jikoni lililokuwa likivuja. Alasiri Marlys akaona ni salama kumwacha kidogo, akaenda kwa Lempi Saari.

Lempi alikuwa kikongwe wa miaka themanini na nane aliyeishi ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba ya wazazi wao, tangu kabla ya vita vya Korea. Kama kuna mtu aliyejua chochote kuhusu paa lile, ni yeye. Lempi alimkaribisha kiti cha dirishani, akammiminia kahawa, akasema kabla hajaulizwa:

"Jana nilimsikia. Nikadhani ni Reino kapanda juu. Nikasema, mjinga huyu atavunja kiuno."

"Mama Lempi, uliwahi kumsikia kabla ya jana?"

Kikongwe alizungusha kijiko chake ndani ya kikombe kwa muda mrefu.

"Baba yenu alipofariki, Desemba iliyofuata nilikwenda kumjulia hali mama yenu. Nikamkuta mbele ya televisheni, akisema 'bado'. Anakaa kidogo, 'bado'. Peke yake."

"Tunakumbuka. Kila Desemba. Daktari alisema ni uzee."

"Haikuwa uzee. Nilimuuliza, Sylvia, unaongea na Urho? Akanishika hapa." Lempi aligusa kifundo cha mkono wake. "Akasema, 'Sijui ni nani, Lempi, lakini Urho siye. Urho wangu alishuka zamani, tena hakuuliza mtu.'"

Marlys aliweka kikombe chini.

"Kwa nini hakutuambia sisi?"

"Mngemwamini? Mlimwona amechanganyikiwa kwa neno moja tu, 'bado'. Angesema yote ingekuwaje?" Lempi alivuta shali lake. "Mwishoni aliwaomba vijana wa kanisani wamteremshie ile televisheni chini, nyuma ya boila, waifunike. Akaniambia kitu hicho cha paani kisipopata picha ya kutengeneza, labda kitachoka."

"Na kikiambiwa imekaa sawa?"

Lempi alikuwa akitazama nje, kupitia dirishani. Jua lilikuwa limezama. Ng'ambo ya barabara, sebuleni kwa wazazi wao, mwanga wa bluu ulikuwa ukicheza kwenye pazia.

Marlys alitoka bila koti.

Alivuka barabara akikimbia, akiteleza, akianguka, akisimama. Mlango wa mbele haukuwa umefungwa. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya machungwa. Safari hii maganda yalikuwa ya kweli, yamepangwa juu ya jiko. Reino alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameikunja, amevaa ndala, uso karibu ugusane na kioo.

Picha ilikuwa safi. Ulibaki mstari mmoja tu mwembamba wa chenga, chini kabisa.

Na waya wa televisheni ulikuwa zuliani, plagi imetazama juu, pale pale Marlys alipouacha jana.

"Reino. Simama twende."

"Tazama, dada. Wanasikia treni." Kwenye kioo, abiria wa mbao walikuwa wamegeuza vichwa vyote upande mmoja. "Hapa ndipo nilipokuwa nikilala kila mwaka. Sijawahi kuiona treni ikifika. Baba alikuwa akinibeba hadi kitandani."

"Mama alijua. Nimetoka kwa Lempi. Mama alikuwa akikizuia, Reino, miaka yote ile. Si baba."

"Nimechoka," alisema polepole, kama mtoto. "Nimechoka kuwa mtu wa mwisho nyumbani."

"Sasa je?" ikauliza sauti.

Mstari wa chenga ukateremka, ukatoka nje ya kioo.

"Usiseme," Marlys alinong'ona. "Mdogo wangu, nakuomba."

Reino alimtazama. Kulikuwa na mapenzi katika uso ule, na huzuni. Kisha akainua kichwa.

"Imekaa sawa, baba! Shuka!"

Juu kukawa kimya.

Hatua zikaondoka. Hazikuwa na haraka. Zikaelekea upande wa nyuma wa nyumba, hadi ukingoni. Kisha ukasikika mgongano wa ngazi ya chuma na ukuta. Ngazi ambayo haikuwepo.

Kidato kimoja kikalia. Kingine.

Kisha sauti ikaita, karibu zaidi, kutoka nje ya mlango wa jikoni.

"Reino. Njoo unishikie ngazi."

Marlys alimwona mdogo wake akiinuka, tabasamu usoni. Akamwona anapiga hatua moja. Halafu akamwona anasimama, na tabasamu likimtoka kidogo kidogo kama maji yanayoingia mchangani.

Urho hakuwahi kumwita Reino. Hata siku moja. Tangu alipojifunza kutembea na kumfuata baba yake kila mahali, Urho alimwita Mkia. Mezani Mkia. Kanisani Mkia. Hata hospitali, pumzi zikimwishia, alisema, mwambieni Mkia alishe mbwa.

"Umesikia alivyokuita?" Marlys alinong'ona.

"Nimesikia."

Kidato kikalia.

"Dada," Reino alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima tena. "Nimemwita mimi. Akigusa chini ataingia humu, na humu uko wewe."

"Tutoke mbele. Tukimbie."

"Halafu? Twende kwako, kwenye vitanda vya wajukuu?"

Alimkumbatia kwa nguvu, mara moja, akamsukuma kwenye kochi. Akapita jikoni. Marlys alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na baridi ikafika hadi sebuleni, ikagusa vifundo vya miguu yake.

"Bado!" Reino alipiga kelele nje. "Nimekosea! Bado! Rudi juu!"

Vidato vikanyamaza.

"Rudi juu, nasema! Bado!"

Kisha vikaanza tena. Marlys alisikiliza, ngumi mdomoni. Vilikuwa vikipanda. Lakini vilikuwa vingi mno kwa mtu mmoja, na sauti ya mdogo wake ilikuwa ikipanda navyo. Ilikuwa mlangoni. Ikawa usawa wa dirisha. Ikawa juu ya dirisha.

"Bado," ilisema, juu ya dari. "Bado. Bado."

Hatua zikatembea paani. Jozi mbili.

Halafu hapakuwa na kitu.

Marlys alikwenda hadi mlango wa nyuma. Ua ulikuwa mweupe na mtulivu. Chini ya ukuta, kwenye theluji, kulikuwa na vishimo viwili vya miguu ya ngazi. Mbele ya vishimo hivyo zilikuwepo ndala za Reino, moja kando ya mwenzake, zimepangwa vizuri, ncha zake zimeelekea ukutani.

Sebuleni televisheni ilikuwa imezimika. Kioo kilikuwa baridi kama cha kitu ambacho hakijawashwa miaka mingi.

Polisi walikuja, na wazima moto, na ngazi yao. Kijana mmoja alipanda hadi juu na tochi, akasema theluji ya huku haijaguswa, mama, hakuna mtu aliyepita hapa. Wakaleta mbwa. Mbwa wale walinusa ndala, wakaenda hadi ukutani, wakaketi. Hawakutaka kwenda msituni wala barabarani. Waliketi tu wameinua vichwa, wakitazama juu, hadi mwenye nao akawaburuta kwa minyororo. Wakaandika kwamba mwanamume mwenye huzuni, aliyefiwa na mkewe, ametembea gizani bila viatu, na majira ya machipuko, theluji ikiyeyuka, yatamrudisha. Theluji ikayeyuka. Hayakumrudisha.

Marlys aliuza nyumba yake akahamia ile ya wazazi. Wanawe waligombana naye sana. Mama, nyumba ile inavuja, mama, nyumba ile ina kumbukumbu mbaya, mama, unajitesa. Hakuwaeleza. Aliwaambia tu kwamba Desemba wasilete watoto. Waje Pasaka.

Desemba ikifika, giza likiingia, anaketi sebuleni na kufuma. Hakuna televisheni tena. Aliipasua kwa shoka, akazichoma mbao zake na kukitupa kioo chake jaani. Haikusaidia. Hatua zinakuja kutoka upande wa bomba la moshi, zinasimama juu yake.

"Sasa je?"

"Bado," anasema, na kuendelea kufuma.

Amezeeka, na sauti yake imeanza kukatika. Jioni nyingine inabidi arudie. Na siku hizo, sauti inayouliza ikishauliza, huja ya pili nyuma yake, ya chini sana, iliyobanwa na baridi, sauti ya mtu anayeongea bila kutaka mwenzake asikie.

"Sema kwa nguvu, dada," inanong'ona. "Anajifanya hasikii."

Lempi bado yupo ng'ambo ya barabara. Amepita miaka tisini, haoni vizuri karibu, lakini mbali anaona kama mwewe. Ni yeye aliyemwambia Marlys jambo ambalo mtu aliye ndani ya nyumba hawezi kuliona. Kwamba juu ya paa lile, hata theluji ianguke vipi, kuna sehemu mbili ambazo hazikai theluji. Ziko karibu karibu, kila moja sawa na nafasi ya mtu aliyechuchumaa, na asubuhi za baridi kali zinatoa mvuke.

Wiki iliyopita alimpigia simu Marlys. Alizungumza kwa kunong'ona, ingawa alikuwa peke yake nyumbani kwake na mlango ameufunga.

"Marlys," alisema, "usitoke nje leo. Asubuhi nilikuja kukuletea samaki, nikazunguka kwa nyuma, nikarudi. Zile sehemu zisizokaa theluji sasa ziko tatu. Ila ya tatu haiko paani. Iko chini, kando ya mlango wako wa jikoni, nayo inatoa mvuke."